Darubini Iliyokatwa kwa Msumeno

"Mweupe," alisema Shekuwe.

"Mweusi," alisema Bunu.

"Mweupe kama kanzu ya Idi."

"Kaka, ndege yule ni mweusi kama chungu cha mama. Futa kioo chako."

"Kioo changu kizima. Futa jicho lako."

Walikuwa wamesimama juu ya fungu la mchanga, maji yamekupwa, matope yanang'aa mpaka kwenye mikoko. Shekuwe alikuwa na miaka thelathini na minane, Bunu thelathini na sita, na walikuwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Kila mmoja alikuwa ameziba jicho moja kwa kiganja, na jicho jingine amelibandika kwenye nusu ya darubini. Haja iliyowaleta pale haikuwa ndogo. Kama jua lingezama kabla hawajamwona ndege mmoja, yule yule, wote wawili, mama yao angehama nyumba.

Nitaeleza ilivyoanza.

Mtu mmoja alikuwa na darubini moja na wana wawili. Jina lake lilikuwa Mzee Kombo, na kazi yake ilikuwa kutunza taa ya mnara. Alipostaafu walimpa darubini ile kwa sababu katika miaka ishirini na sita hakuna siku aliyosahau kuwasha. Kila Ijumaa baada ya swala aliwachukua wanawe pwani kutazama ndege. Hakuwa mjuzi wa ndege. Aliowajua aliwataja majina, na asiowajua aliwaita wageni. Mtoto mmoja alitazama huku mwenzake akihesabu mpaka kumi, kisha darubini ikahamia kwa aliyekuwa akihesabu. Watoto wale walikua hivyo, kwa kuhesabiana kumi.

Mzee Kombo akafariki. Baada ya arobaini wanawe wakakaa kugawana. Hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja aliogopa jambo moja tu, mwenzake asije akapata zaidi. Wakakubaliana kila kitu kikatwe katikati, na hilo ndilo lililokuwa jambo la mwisho kukubaliana. Wakaazima msumeno.

Ngazi waliipasua kwa urefu, kila mtu akapata mti mmoja wenye meno, na tangu siku ile hakuna aliyepanda popote. Mwavuli waliugawa, na mvua ikawapata wote wawili, kila mtu bega lake. Mkeka waliukata, ukaanza kufumuka pande zote mbili. Mbuzi ya kukunia nazi iliwasumbua kidogo, mwishowe Shekuwe akachukua kiti na Bunu akachukua ulimi wa chuma. Mmoja akawa na pa kukaa bila cha kukunia, mwingine akawa na cha kukunia bila pa kukaa, na nyumba nzima ikala wali mkavu. Darasani tulifundishwa kugawa kwa mbili. Hatukufundishwa ni vitu gani havigawanyiki.

Darubini iliwachukua asubuhi nzima. Shekuwe alipata bomba la kulia, lenye vioo safi. Bunu alipata la kushoto, lenye mikwaruzo, lakini lililobaki na kile kigurudumu cha katikati kinachosogeza vioo mpaka kitu kionekane sawasawa. Kwa hiyo Shekuwe aliona vizuri vitu vya umbali mmoja tu, kama hatua mia mbili. Vya mbele yake na vya nyuma yake vyote vilikuwa uji. Bunu aliweza kuzungusha na kuona karibu au mbali apendavyo, ila kila alichokiona kilikuwa na utando, kama mtu mwenye mtoto wa jicho. Kila mmoja alimwambia mwenzake kwamba nusu yake ndiyo bora.

Mlango haukuhitaji msumeno. Ulikuwa mlango wa kuchonga wa mbao mbili, kama milango ya wazee wetu, na waliona fundi wa zamani amekwisha kuwagawia. Shekuwe achukue ubao wake, Bunu achukue wake. Lakini mlango wa namna hiyo una mfaa, ule mti mrefu wa katikati uliopigiliwa kwenye ubao mmoja ili ufunike upenyo wa mbao zote mbili. Ubao wenye mfaa ndio hufunguliwa kwanza, na ndio hufungwa mwisho. Ubao huo ukamwangukia Shekuwe. Maana yake Bunu hakuweza kufungua wake mpaka kaka yake awe amefungua, na Bunu alisema kuliko kumwomba mtu mlango wa babake, ataingia dirishani. Akaingia dirishani, miezi minne, na unga na samaki na galoni la mafuta ya taa. Majirani wakazoea kumwamkia miguu.

Wote wawili walikuwa hawajaoa, na nadhani mmeshaelewa kwa nini.

Mama yao, Bi Mwanaesha, hakudai fungu lake. Alisema yeye fungu lake ni usingizi. Lakini alikuwa mwanamke wa mapana, na kwa ubao mmoja hapiti. Alitoka nje siku ambazo wanawe wote wawili walikuwa wamefungua, na siku hizo zilikuwa chache kuliko sikukuu.

Mwishowe ndugu wale wakasema nyumba yenyewe nayo ipitishiwe ukuta. Wakamwita Fundi Lali, mtu mpole, msikivu, asiyeuliza mambo ya watu. Fundi alichomeka msumari mmoja kwenye ukuta wa uani na kuvuta uzi wake kuelekea mlangoni, pale penye mfaa, maana katikati ya nyumba ndipo hapo. Uzi ukatoka uani. Ukaingia chumba cha Bi Mwanaesha, kwa kuwa chumba chake kilikuwa cha kati. Ukapita juu ya kitanda. Bi Mwanaesha alikuwa amejilaza. Uzi ukamkata tumboni, ukaugawa na mto.

"Fundi Lali," alisema bila kuinuka, "uzi huu ukishakuwa mawe, nitalala upande gani?"

"Mama, mimi najenga tu," alisema fundi. "Pa kupitisha ukuta huambiwa na wenye nyumba."

Hapo Bi Mwanaesha akainuka, na uzi ukainuka naye. Akawaita wanawe. Walikuja, mmoja kwa mlango na mmoja kwa dirisha.

"Kesho nendeni pwani kama alivyokuwa akiwapeleka baba yenu," aliwaambia. "Mniletee ndege mmoja mliyemwona nyote wawili. Simtaki mkononi, nataka habari yake. Mmoja tu. Mkirudi naye kabla ya magharibi, tutazungumza. Mkimkosa, fundi ajenge, na mimi nakwenda ng'ambo kwa kaka yangu, wala sirudi."

"Mama, hiyo ni kazi ya nusu saa," alisema Shekuwe.

"Na kunguru simtaki. Kunguru hata kipofu anamwona."

Wote wawili wakatazama chini, maana wote wawili walikuwa wamefikiria kunguru.

Usiku ule walimsikia akifungua sanduku na kukunja nguo. Asubuhi bahasha ya shuka, furushi la nguo zake, ilikuwa imekwisha kufungwa mafundo manne na kuwekwa ukumbini. Bunu alijaribu kuinyanyua. Ilikuwa nzito kama ya mtu anayesema kweli.

Hivyo ndivyo walivyofika kwenye fungu la mchanga, wakigombana mweupe na mweusi. Ndege wale walikuwa kulastara, wale wa miguu mirefu na shingo ndefu. Kulastara wa pwani yetu wako weupe na wako weusi, na wote ni kulastara. Siku ile walikuwa wawili: mweupe alisimama mbali, hatua mia mbili, na mweusi alisimama karibu. Nusu ya Shekuwe ilimwona wa mbali tu. Nusu ya Bunu ilikuwa imezungushwa kwa wa karibu. Mtu asiye na darubini yoyote angewaona wote wawili na kwenda zake. Lakini wao walikuwa na darubini. Walibishana mpaka kulastara wote wawili wakachoka na kuruka.

Akaja mdiria, mwenye mgongo wa buluu, akakaa juu ya mti wa uzio wa samaki. Bunu alimwona akasema, "Yule pale." Shekuwe aliuliza pale wapi. Bunu hakutaka kunyoosha kidole, alisema anayejua kutazama haonyeshwi. Mdiria alizamia, akatoka na kidagaa, akaenda. "Hakukuwa na ndege," alisema Shekuwe.

Wakaja shakwe, kama arobaini, wakatua kwenye mchanga kwa mstari. Hapo waliona wameokoka. Wakakubaliana kumchagua mmoja, wa saba kutoka kushoto, na kila mtu akaanza kuhesabu kwa sauti. Walipofika wanne, shakwe wa mwisho aliruka akaenda kukaa mwanzo wa mstari. Shekuwe alisema wa saba sasa ni yule aliyekuwa wa sita. Bunu alisema wa saba ni wa saba, hata kama watu wanahama. Hoja zote mbili zilikuwa nzuri. Shakwe hawakusubiri kusikia ya tatu.

Jua likapinduka. Maji yakaanza kurudi, kimya kimya, kama yanavyorudi siku zote.

"Tule kwanza," alisema Bunu.

Bi Mwanaesha alikuwa amewafungia chakula katika kipande cha leso kuukuu, nyekundu: chupa ya chai na maandazi matano. Sijui kama alihesabu vibaya au alihesabu vizuri. Wakala mawili mawili, kila mtu amempa mwenzake mgongo. La tano likabaki katikati, juu ya leso, na wote wawili wakageuka.

Bunu alitoa kisu. Shekuwe alivunja ujiti, akalipima andazi kwa urefu, kisha kwa upana, akatia alama kwa ukucha.

"Umesogeza alama," alisema Bunu.

"Andazi lenyewe limevimba upande huo."

"Basi upande uliovimba upimwe kwa uzani."

"Uzani tutautoa wapi hapa, kaa ndio wauza duka?"

Bunu akaweka kisu juu ya alama. Hapo kitu kikapita baina ya nyuso zao, kikavuma, kikawapiga upepo machoni. Walipofungua macho, andazi halikuwepo. Leso ilikuwepo, kisu kilikuwepo, na ujiti wa kupimia ulikuwepo.

"Mwewe," alisema Shekuwe. "Nimemwona. Tumempata, twende nyumbani."

"Umeona nini?"

"Nimeona kucha."

"Mimi nimeona mkia."

 Bunu akakaa chini kwenye mchanga.

"Mama atauliza ndege," alisema. "Wewe una kucha, mimi nina mkia. Hatuna ndege, kaka. Tuna vipande."

 Ilikuwa mara ya kwanza katika miezi minne Shekuwe kusikia akiitwa kaka bila sauti ya uchokozi ndani yake. Akaliangalia jua. Lilikuwa limebakiza kama mikono miwili lizame. Akaiona ile bahasha ya mafundo manne, na mama yake akiibeba kichwani kuelekea gati, na akaona pia kwamba siku hiyo mbao zote mbili za mlango zingefunguliwa kwa ajili yake, na zisingekuwa na haja ya kufunguliwa tena.

"Yuko wapi?" aliuliza.

Bunu alinyoosha kidole. Mwewe alikuwa amekaa kileleni mwa mkoko mkavu, mbali sana, ameinamia kitu. Shekuwe akaweka nusu yake jichoni.

"Kwangu ni uji."

Bunu akaweka yake, akazungusha mpaka kigurudumu kikagoma.

"Kwangu kuna kitu kimejifunika blanketi."

Wakatazamana.

"Lete hicho chako," alisema Shekuwe.

"Lete chako wewe."

Hakuna aliyetoa. Lakini walisogea, hatua moja na hatua moja, kila mtu ameshika cha kwake, mpaka nusu mbili zikagusana. Meno ya msumeno yakaingiana vizuri kama mbao za mlango. Shekuwe akaifunga kwa ile leso nyekundu, akazungusha mara tatu, akakaza fundo kwa meno. Kile kigurudumu cha Bunu sasa kikawa kinasogeza vioo vya pande zote mbili. Darubini ilikuwa imerudi kuwa darubini. Ila Shekuwe hakuachia bomba lake, na Bunu hakuachia lake.

Basi watu wazima wawili wakabandikana shavu kwa shavu kwenye fungu la mchanga, kila mmoja na jicho lake moja, ili kutazama ndege.

"Ndevu zako zinachoma."

"Na wewe umekula kitunguu tangu jana. Zungusha."

"Nazungusha."

"Umepita. Rudi. Rudi kidogo. Simama hapo hapo."

Na mwewe akatokea. Alitokea mzima, kucha na mkia na vyote vilivyo katikati, mdomo wake wa njano, kifua chake cha rangi ya kahawa, unyoya mmoja wa bawa umevunjika. Alikuwa amelikanyaga andazi kwa mguu wa kushoto, na alikuwa akilimega taratibu, akimeza, akitazama huku na huku kama mtu aliyealikwa.

"Anakula lote," alinong'ona Bunu.

"Hata hajalipima," alisema Shekuwe.

Bunu akacheka. Na kwa kuwa mashavu yao yalikuwa yameshikana, kicheko cha Bunu kilitikisa kichwa cha Shekuwe, na mwewe akaruka nje ya kioo. Ilibidi wakae kimya wamtafute tena. Wakamtafuta. Walipompata alikuwa anafuta mdomo wake kwenye tawi, upande huu na upande huu, na hapo akacheka Shekuwe, na wakampoteza tena. Tangu baba yao afariki hawakuwa wamecheka. Mmoja wao, sijui yupi, alianza kuhesabu mpaka kumi, na alipofika kumi hakuna aliyetoa jicho.

Maji yaliwafika magotini ndipo wakatanabahi. Chupa ya chai ilikuwa inaelea. Bunu aliidaka, na hakuna aliyeuliza ni ya nani.

Leso ilikuwa imelowa, na fundo lililolowa halifunguki. Hakuna aliyekuwa tayari kuachia nusu yake, ingawa sasa nadhani sababu ilikuwa nyingine. Wakarudi mjini hivyo hivyo, bega kwa bega, kama watu wanaobeba kitanda. Walipokosea hatua waligongana vichwa. Mama mmoja aliyekuwa akianua nguo aliwaamkia, kisha akamwita mwenzake atoke aone.

Walifika nyumbani jua halijazama bado, na mlango ulikuwa umefungwa. Bunu, kwa mazoea, aligeukia dirishani, akavutwa na darubini. Dirisha lile halingeweza kupitisha watu wawili, na ubao mmoja wa mlango pia haungeweza. Shekuwe akausukuma ubao wenye mfaa. Bunu akausukuma wake. Mlango ukawa wazi wote.

Bi Mwanaesha alikuwa amekaa ukumbini juu ya kiti kisicho na ulimi, bahasha yake mapajani. Fundi Lali alikuwa uani akikaza uzi kwenye msumari wake, maana saa zake za kungoja zilikuwa zinakaribia kwisha.

"Mmemwona?" aliuliza mama.

"Tumemwona," walisema pamoja.

"Nani?"

"Mwewe," walisema pamoja.

Bi Mwanaesha hakutikisika. "Watu wawili wanaweza kupatana uongo njiani," alisema. "Simameni hapo hapo mlangoni. Nionyesheni mlivyomwona."

Wakatazamana kwa aibu. Kisha Shekuwe akainamisha kichwa, Bunu akainua chake kidogo, wakabandikana shavu kwa shavu katikati ya mlango, kila mmoja na jicho lake moja, leso nyekundu ikichuruzika maji baina yao, wakamwelekezea mama yao darubini. Wakamwona karibu sana, mkubwa, mzima. Alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio na mabega yalikuwa yanamtikisika. Kisha wakaona mkono wake ukishuka mapajani na kuanza kulegeza fundo la kwanza la bahasha.

Fundi Lali hakuyaona hayo. Alikuwa anakuja kinyumenyume kutoka uani, akivuta uzi wake chumbani, juu ya kitanda, ukumbini, kuelekea pale penye mfaa, kama jana. Alipofika mlangoni akageuka ili afunge ncha ya uzi, akawakuta ndugu wale wawili wamesimama pale pale pa kupimia. Aliutazama uzi. Akaitazama ile sehemu ambapo shavu la mmoja lilikuwa limekandamana na shavu la mwingine, akaichungulia kwa juu, akaichungulia kwa chini, akitafuta nafasi ya kuupenyeza.

"Samahanini, wenye nyumba," alisema. "Sasa ukuta niupitishe wapi?"